Kiraka Upande Mkavu

Hebu niambie, umewahi kuona nyuki akiing'ang'ania mashua? Sisemi ua, sisemi mzinga, wala mdomo wa mtungi wa asali. Mashua. Tena mashua iliyozama na kuvutwa kwa kamba, imelala kifudifudi ufukoni mwa Ziwa Singidani, inanuka tope na magadi.

Sajini Naftali Kingu aliwaona asubuhi ile, akasimama. Hawakuwa kundi. Walikuja mmoja mmoja kutoka upande wa miamba, wakatua mahali pamoja tu karibu na mkuku, ule mti mrefu ulio uti wa mgongo wa mashua. Wakatembeatembea pale, wakaruka, wakarudi palepale. Tumbo la mashua lilikuwa pana, lote limepakwa rangi ya kijani, na wao hawakutaka pengine popote.

"Wewe!" Sauti ilimfikia kutoka juu ya mwamba. "Nataka nini hapo? Toa mikono!"

Alikuwa Bwana Haslam, mwenye mashua. Mzungu huyu alifanya kazi ya migodi huko Iramba miaka mingi, na kila mtu aliujua wazimu wake mmoja: alileta mashua mbili za matanga kwa treni mpaka Manyoni, kisha kwa lori mpaka Singida, ili kila Jumapili azunguke ziwani bila kwenda kokote. Sasa alikuwa anarudi kwao, na mashua zote mbili alikuwa anaziuza. Ile nyembamba watu waliiita Upanga. Ile pana, yenye chumba tumboni, waliiita Bata. Bata ndiye aliyelala pale mchangani.

"Mimi ni polisi, bwana," Naftali akasema.

"Polisi iko na kofia."

"Yangu nimeiacha ofisini, bwana. Inawatisha nyuki."

Mzungu hakucheka. Na kweli, Naftali hakuwa na sare. Alivaa koti la kahawia lililochakaa viwiko na suruali yenye vumbi la Kinampanda, kwao, alikotoka wiki hiyo. Mwaka ule stampu za posta ndio kwanza zilikuwa zimebadilika sura, mfalme ametoka na malkia ameingia, na pale Singida mpelelezi mweusi alikuwa kitu kigeni kuliko stampu hizo. Wazungu walimwona karani aliyepotea njia. Waafrika walimwona mbwa wa Wazungu. Hakuna aliyemkaribisha kiti.

Naftali akazunguka mpaka tezi, sehemu ya nyuma ya mashua. Maji yalikuwa yamebandua rangi, na chini ya rangi kulikuwa na kitu cheupe kilichosilibwa kwa kisu, kama kile ambacho mafundi wa vioo hukisiliba madirishani.

"Na hii, bwana?"

Bwana Haslam akawa mwekundu mpaka masikioni. "Hiyo kidogo tu. Mbao iko oza kidogo."

"Ulimwambia mnunuzi?"

"Yeye iko na fundi. Fundi iko na macho."

"Kwa hiyo uliziba ubao mbovu, ukapaka rangi juu, ukangoja macho ya fundi yapite."

"Mimi hapana toboa!" Bwana Haslam akashuka mwamba kwa hasira, mawe yakimtangulia. "Mimi ficha kidogo, kila mtu anauza mashua, anaficha kidogo. Kutoboa hapana! Mwanamke yeye mwenyewe alisema mbele ya watu, mimi natoboa Bata. Yeye iko jela. Wewe nataka nini tena?"

Naftali akabonyeza ile silibo nyeupe kwa dole gumba. Ilikuwa ngumu kama jiwe, na hapakuwa na nyuki hata mmoja. Akarudi penye nyuki. Akawapungia taratibu wakapisha, akabonyeza. Ukucha ukazama. Akaunusa, akausugua kwa kidole cha pili mpaka ukang'aa.

Nta. Nta ya nyuki, iliyochanganywa na masizi ya jikoni ili isionekane.

Hapo akalala chali mchangani, akajisukuma chini ya mashua mpaka mabega yakaingia, akawasha kiberiti. Mbao za sakafu ya chumba zilikuwa zimeanguka. Pale zilipoachia, kwenye ubao wa tumbo, aliona tundu la mviringo, safi, la kuingia dole gumba. Ndani ya kingo zake kulikuwa na udongo wa mfinyanzi, uliobaki baada ya mwingine kuyeyuka na maji. Kuzunguka tundu palikuwa na vitundu vidogo vya msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, na kwenye viwili kati ya hivyo kilining'inia kipande cha kibuyu, kikubwa kama kiganja, kimeshikwa kwa ukano wa ng'ombe.

Naftali alikaa chini pale mpaka kiberiti kikamchoma.

Alipotoka aliuliza, "Bwana, unajua kushona kibuyu?"

"Kushona nini?"

"Basi, bwana. Silibo yako nitaiandika. Tundu si lako."

"Mimi nitaambia Inspekta wewe hapana adabu!"

"Mwambie, bwana. Na mbao iliyooza umwambie pia."

Akakata zile nyuzi kwa kisu, akakifunga kipande cha kibuyu kwenye leso, akapanda kuelekea mjini. Lori la kwenda Dodoma lingeondoka kesho asubuhi, na Inspekta alikwisha sema: mwanamke yule atakuwamo, ana pingu.

Mwanamke yule alikuwa Mwantum, mjane wa Tamimu, mfanyabiashara wa asali na nta pale mjini. Alizaliwa Ujiji, akaolewa Singida, akafiwa Singida. Naftali alimkuta mahabusu amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ukaya kichwani, uso umenyooka.

"Umekuja kunipima mikono?" akamwuliza kabla hajasalimiwa. "Pingu zenu ni kubwa, zitanivuka."

"Nimekuja kuuliza."

"Mmeshauliza. Mzungu wako aliuliza, akajijibu mwenyewe, akaandika."

"Mashua ulitaka ya nini?"

"Ya kukaa." Akatazama dirisha dogo. "Nilale humo, nipike humo. Lori mpaka Manyoni, treni mpaka Kigoma, kisha niwe majini. Kigoma mpaka Kasanga, Kasanga mpaka ng'ambo ya Kongo, nauza asali ya huku. Nyumba ambayo shemeji hawezi kuja kukaa barazani akasema ni ya marehemu ndugu yake na mimi pia ni wa marehemu ndugu yake. Umeelewa, au nikuchoree?"

"Shemeji Mselemu anataka kukurithi."

"Mselemu anataka hata sufuria irithiwe."

"Na ulisema utamtoboa Bata."

"Nilisema!" Akasimama, ndoo ikaanguka. "Nilisema kwa sauti. Fundi Bonaventura nimemtoa Ujiji anichagulie chombo, akanipikisha ugali kwenye mashua zote mbili. Ndiyo kipimo chake hicho. Anagonga mbao kwa nyundo, anasikiliza, anachokoa mataruma, mbavu za chombo, kwa kisu, halafu anasema, haya mama, songa ugali. Ndani ya Upanga nilisonga nimeinama kama anayetafuta sindano. Mwiko uligonga dari, maji ya moto yakanimwagikia gotini. Nje watu wamejaa wanacheka, ati mjane wa Tamimu anapika ndani ya kabati. Nikahamia Bata, nikasimama wima, nikasonga. Nikatandika mswala, ukaenea. Fundi akasema, Upanga anakwenda, Bata anakaa, wewe unataka kwenda au kukaa? Nikamwambia nataka kwenda, tena mbio, na huyo Bata wako nitamtoboa kwa mkono wangu huu! Wewe hujawahi kusema neno na goti linawaka?"

"Nimewahi. Kisha?"

"Kisha nikala ugali, nikapoa, nikamchagua Bata. Lakini walionicheka walikuwa wamekwenda zao. Aliyebaki kunisikia nikibadili neno ni fundi."

Na fundi ndiye huyo aliyekuwa hospitali. Bata alipoanza kunywa maji katikati ya ziwa, akalala ubavu, mti wa tanga ukampiga fundi taya. Wavuvi walimwokota. Taya limefungwa kwa kitambaa, homa imempanda, hajui yuko wapi.

"Siku ya kumjaribu Bata ziwani ulipaswa kuwamo," Naftali akasema. "Hukuwamo. Inspekta anauliza kwa nini."

Mwantum akacheka, kicheko kibaya. "Muulize mama mkwe. Asubuhi ile aliamka na bangili yake ya fedha imepotea. Nani mwizi? Huyo. Mimi hana jina la kuniita tangu nimeingia nyumba ile, huniita huyo. Akakaa mlangoni na kiti. Akamwaga sanduku langu uani, nguo moja moja, akaikung'uta kila kanga. Akataka niape kwa msahafu. Nikiapa, anasema hukuapa vizuri, rudia. Fundi akaja kunichukua, mama mkwe akamtukana, akamwambia safari imeahirishwa mpaka bangili ionekane. Fundi akaona upepo mzuri unapotea, akaenda peke yake."

"Bangili ilionekana?"

"Kwani ilipotea? Anayo mkononi mwake mwenyewe, juu ya kiwiko, chini ya kaniki! Niliiona alipoinua mkono kunilaani." Akatema mate pembeni. "Huyo ndiye mama mkwe wangu. Sasa niondokee."

Naftali hakuondoka. Alichomoa funguo, akafungua mlango.

"Twende," akasema. "Toa mikono nikufunge. Inspekta akituona njiani, nakupeleka kutambua mali."

Nyumba ya marehemu Tamimu ilikuwa na duka mbele, ua katikati, na ghala ya asali nyuma. Mselemu aliwaona wanakuja, akatoka barazani akifunga kifungo cha kanzu. Alikuwa mtu mnene wa uso, mwenye tabasamu lisilofika machoni.

"Mmemleta ahame? Vyombo vyake vitatu viko pale."

"Nataka kuona ghala," Naftali akasema.

"Hati iko wapi?"

Naftali akamwonyesha karatasi ya polisi. Mselemu akaisoma polepole kupita kiasi, akairudisha kwa ncha za vidole.

"Ingia. Asali utaiona, haramu hutaiona. Usimlete huyo ndani, ataniibia nta."

Ghalani mlikuwa na madebe ya asali, mikate ya nta imepangwa kama matofali, na upande mmoja mizinga mipya ya magogo, myeupe, inayosubiri kupelekwa porini. Kila mmoja una tundu la nyuki kuingilia, la mviringo, safi. Naftali akaingiza dole gumba kwenye tundu la mzinga wa kwanza. Likaenea. La pili likaenea vilevile.

"Mnatoboa kwa nini?"

"Kwa kekee. Ulitaka tutoboe kwa meno?"

"Nani anatoboa?"

"Mimi. Vibarua wanavunja kekee, wana mikono ya punda."

Kekee ilikuwa imetundikwa ukutani, chuma chake kimepakwa mafuta. Naftali akaitungua, akaigeuza mlangoni penye mwanga. Mti wake ulikuwa safi. Keezi, ule mdomo wa chuma wenye mizunguko, ulikuwa umefutwa vizuri. Lakini kitambaa hakiingii mpaka ndani ya mizunguko. Akachukua kijiti, akachokoa. Akaangalia kilichotoka. Akakikunja kwenye karatasi ya sigara, akatia mfukoni bila kusema.

"Umepata dhahabu?" Mselemu akauliza.

"Nimepata uchafu. Mama yupo?"

"Mama ni mzee. Mwache."

"Nitamsalimia tu."

Bi Chiku alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, anapepeta uwele. Alizaliwa Iramba, mtoto wa wafugaji, akasilimu alipoolewa na baba yake Tamimu. Kaniki yake ilikuwa imemfunika mpaka viganja, ijapokuwa jua lilikuwa kali.

"Shikamoo, mama."

Ungo haukusimama. Kichwa hakikuinuka. Naftali akangoja, mtu mzima hasalimiwi mara mbili kana kwamba ni kiziwi. Mwisho akasema, "Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani huko Kinampanda, hata umekuwa mbwa wa kuingia majikoni?"

"Mtoto wa Kingu, mama. Umejuaje Kinampanda?"

"Ulivyotamka shikamoo. Toka kwenye mwanga wangu."

Akasogea. Nyuma ya kikongwe, kwenye nguzo ya jiko, vilitundikwa vibuyu vya maziwa. Kimoja kilikuwa cha zamani, cheusi kwa moshi, na ubavuni kilikuwa na kiraka. Naftali akakitazama bila kukigusa. Kiraka cha kibuyu kingine, kimeshonwa kwa ukano, nyuzi zimepishana, na fundo la mwisho limezikwa chini ya nta. Mama yake Naftali hakushona hivyo. Yeye fundo aliliacha nje. Kila mwanamke na mkono wake.

"Naomba maji ya kunywa, mama."

"Maji yako kituoni."

"Kibuyu kile umekiziba vizuri."

"Kinashika maziwa. Hakishiki maneno."

"Naomba nione vidole vyako."

Ungo ukasimama. Mselemu, aliyekuwa amewafuata, akapaza sauti, "Unamfanya nini mama yangu?" Mwantum naye, amefungwa pingu, akasogea aone. Bi Chiku akanyoosha mkono wa kulia kana kwamba anampa sadaka mtu asiyempenda. Ncha za vidole viwili zilikuwa na malengelenge yaliyopasuka na kuanza kukauka. Nta ikichemka huunguza hivyo, kidogo kidogo, mahali unapoibonyezea. Na kaniki ilipoteleza, bangili ya fedha ikaonekana juu ya kiwiko.

"Si nilikwambia!" Mwantum akasema.

Naftali akafungua leso, akakiweka kipande cha kibuyu juu ya uwele, katikati ya ungo.

"Hiki nimekitoa tumboni mwa Bata. Alitobolewa kwa chuma kutoka nje, chini karibu na mkuku, tundu likajazwa udongo ili lidumu nchi kavu na kuyeyuka majini. Hiyo ni kazi ya dakika chache. Hii nyingine ni kazi ya saa nyingi. Msharasi kila upande, ukano umetoka nje, mshonaji akashuka, akazunguka, akaurudisha ndani, akapanda tena. Peke yake. Ijumaa adhuhuri, nadhani, watu wakiwa msikitini na Mzungu amelala, wakati mwanamke mwenye kikapu cha magadi ufukoni hatazamwi na mtu. Kisha nta, ndani na nje, na masizi juu."

Mselemu akainama juu ya ungo, akakitazama kipande kile.

"Lakini kiraka kimekaa upande mkavu," Naftali akaendelea. "Sisi tunaziba kibuyu hivyo. Maziwa yako ndani, kiraka kiko nje, na kinashika, kwa sababu maziwa yametulia. Ziwa halitulii. Linasukuma. Kiraka kilitakiwa kuwa upande wa maji ili maji yakigandamize. Kimewekwa ndani, maji yakakisukuma kama mlango. Fundi wa mashua hafanyi hivyo, na Mzungu hajui kushona. Amefanya mtu wa vibuyu. Amefanya mama huyu."

"Mama?" Mselemu akasema, na uso wake ukafanya hesabu yake. "Mama hajui hata mashua inaangalia wapi."

"Inspekta atasema aliyeziba ndiye aliyetoboa. Alitoboa, akaziba vibaya makusudi, ili Bata azamie mbali na pwani. Kesho kwenye lori, badala ya huyu, atakuwamo mama." Naftali akatoa funguo, akazifungua pingu za Mwantum. Akazishika mkononi, zikilia. "Wewe ndiye mwanaume wa nyumba hii. Unasemaje?"

Mselemu akatazama pingu. Akamtazama mama yake. Akapangusa midomo.

"Kama mama amefanya," akasema, "mimi ni nani nipingane na sheria?"

Bi Chiku hakugeuka kumwangalia. Alianza kupepeta tena, kibuyu kikirukaruka pamoja na uwele.

Naftali akangoja kidogo zaidi, Mselemu apate nafasi ya kusema jingine. Ndipo akatoa karatasi ya sigara, akaikunjua. Ndani yake mlikuwa na chembe za rangi ya kijani.

"Hizi nimezichokoa kwenye kekee yako sasa hivi. Mizinga yako yote ni myeupe, haina rangi. Kekee umesema ni yako, haishikwi na kibarua. Tundu la Bata na matundu ya mizinga yako dole gumba langu limeyapima yote."

"Ulizitia wewe!"

"Mbele yako, mlangoni, mwangani? Ulikuwa unanitania kuhusu dhahabu."

"Mbwa wa Wazungu!" Mselemu akafoka, akarudi nyuma hatua. "Mnataka nini kwangu? Mwanamke wa nyumba hii alale juu ya maji kama kambale, na mali ya ndugu yangu, na watu wanacheka? Nilitaka izame ikiwa tupu! Ilale pale pwani ijae tope, mchezo uishe! Nani alimwambia fundi aende katikati?"

Aliisikia sauti yake mwenyewe imebaki uani.

Naftali akamfunga zile pingu. Hazikumvuka. Akamkalisha kwenye debe tupu, akamgeukia kikongwe, akachuchumaa ili uso wake uwe chini ya wa mama yule.

"Mama, ulijuaje?"

"Nilimfulia kanzu," Bi Chiku akasema. "Mkono wa kulia ulikuwa na kijani. Nikachukua kikapu, nikaenda kuokota magadi."

"Ungemwambia fundi. Angeliona tundu."

"Angeliona, angepiga kelele. Mngekuja, kama ulivyokuja. Ningekuwa nimemfunga mwanangu kwa mdomo wangu." Akatazama vidole vyake. "Tamimu nimekwisha mzika. Nimebaki na huyo mmoja, hivyohivyo alivyo."

Mwantum alikuwa anasugua viganja vyake palipokuwa na pingu. Alisogea mpaka kivuli chake kikauangukia ungo, na safari hii kikongwe hakumfukuza.

"Bangili," akasema. "Haikupotea. Ulinikalia mlangoni makusudi."

"Nta ni nta. Sikuwa na hakika nayo."

"Miaka yote hii umenitukana. Umenilaani mbele ya majirani. Siku ile ulinimwagia sanduku uani kama mwizi. Kumbe unashona mashua yangu." Sauti yake haikuwa na shukrani, ilikuwa na hasira iliyokosa mahali pa kwenda. "Ulikuwa unataka nini, mama? Sema. Hata mara moja, sema ulichotaka!"

Mselemu kwenye debe lake akaanza kusema kitu, na Naftali akamwinulia kidole. Nje, lori lilipita barabarani likitimua vumbi, vumbi likaingia uani, likatua juu ya madebe, juu ya vyombo vitatu vilivyopangwa kando ya ukuta. Bi Chiku akaweka ungo chini. Akashika bangili, akaishusha kutoka kiwikoni, ikakwama kwenye kifundo cha mkono, akailazimisha mpaka ikatoka. Akaishika kwenye kiganja kilichoungua, akamnyooshea mkwewe bila kuinua macho.

"Nilitaka ufike, Mwantum."